Kuwahadaa Konokono

Setefilla alikufa Oktoba, wiki ile mvua ya kwanza iliponyesha Sevilla. Alizikwa Jumanne. Alhamisi mumewe Eusebio alifungua baa kama kawaida, maana hakujua mahali pengine pa kwenda asubuhi.

Baa yenyewe ni ndogo, iko mtaa wa San Julián, kando ya kanisa. Ina kaunta ya zinki, meza nne, na nyuma ya kaunta ukuta wenye kidirisha kinachotazama jikoni. Kwa miaka arobaini na mmoja Eusebio alisimama kaunta, mgongo wake kwenye kidirisha, na Setefilla alikuwa upande wa pili na sufuria zake. Mume akitaja, mke anapika, sahani inatokea begani kwake, naye anaipokea bila kugeuka. Watu wa mtaani walikuwa wakisema wale wawili huonana sura Jumapili tu.

Eusebio hakusoma. Alitoka mashamba ya pamba ya Lebrija akiwa na miaka kumi na miwili, akaja mjini kuosha glasi, na glasi ndizo alizoosha mpaka akapata baa yake ya kukodi. Alikuwa mtu wa masikio. Alijua nani ameingia kwa hatua zake, na pipa la bia limebakiza kiasi gani kwa sauti ya bomba. Maneno hakuwa nayo mengi. Baada ya Oktoba yalipungua tena, na hayo machache yaliyosalia ni ya kazi: karibu, bia, kahawa, kwaheri.

Usingizi nao ulimkimbia. Alikuwa akilala saa mbili tatu, kisha anakaa kitandani upande wake, ule upande mwingine ukiwa umetandikwa. Asubuhi anafungua baa. Anachemsha mayai, anamwaga zeituni kwenye visahani, basi. Jikoni anaingia anatoka, kama mtu aliyeingia chumba cha mwenzake bila ruhusa. Lakini kaunta aliipenda bado. Akisimama pale, mgongo wake ulikuwa ungali unangoja, na kwa saa nzima aliweza kukaa na kungoja huko, bila kugeuka, na siku ikapita.

Majira ya baridi yaliisha hivyo. Ukaja Aprili, na watu wakaanza kumtazama.

Watu wa Sevilla hawali mahali pamoja. Wanakula kwa miguu, kisahani kimoja hapa, glasi moja, kisha wanasonga mbele, na kila nyumba ina chake. Spinachi na dengu ni kwa mjane wa Gordillo. Samaki wa chumvi aliyeviringwa unga na kukaangwa ni pale kona ya soko. Mashavu ya nguruwe yaliyolazwa kwenye mvinyo mpaka yakalegea ni kwa Benítez, na saladi ya viazi ni kwa ndugu yake Benítez, ambaye hasemezani naye, kwa hiyo inabidi umeze vizuri kabla ya kuvuka barabara. Na ikifika Mei, konokono kwa Setefilla. Haikusemwa kwa Eusebio. Ilisemwa kwa Setefilla.

Mei na Juni ndiyo miezi iliyoibeba baa mwaka mzima. Hiyo mingine ilikuwa zeituni na porojo.

Binti yao Valme yuko Valladolid, mbali kaskazini, anafundisha shule, ana mume, Íñigo, na watoto wawili. Tangu msiba alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili alimwuliza baba yake amekula nini, na kila Jumapili baba alimdanganya. Machi akasema waziwazi. Chumba kimeandaliwa, kina joto, kinatazama ua. Kodi ya baa ni nzito na baba ana miaka sabini na minne. Wakakubaliana hivi: Valme atakuja siku tatu mwanzoni mwa Mei, siku za konokono wa kwanza. Konokono wakiwezekana, baba abaki, na Valme hatalitaja tena jambo hilo. Wakishindikana, funguo zirudi kwa mwenye nyumba.

Eusebio alimwambia asiwe na shaka. "Nimemsaidia mama yako miaka arobaini," alisema. "Unadhani nilikuwa nimelala?"

Ukweli ni kwamba hajawahi hata mara moja kugusa sufuria ile.

Viungo si siri. Vinauzwa sokoni vimefungwa tayari kwenye kitambaa, giligilani, bizari nyembamba, pilipili manga, shamari, na nanaa unaongeza mwenyewe. Mji mzima unatumia kitambaa kilekile. Ugumu uko kwenye moto. Konokono huwezi kumtupa kwenye maji ya moto. Akishtuka anajikunja, anafia ndani ya gamba, na hapo hata umwite fundi wa makufuli hamtoi. Lazima ahadaiwe. Unamtia maji baridi, moto mdogo kuliko mdogo, naye anadhani mvua imekuja. Anachomoza kichwa, kisha shingo, kisha pembe. Wote wakishatoka ndipo moto unapandishwa kwa mkupuo. Kila mtu San Julián anajua hivyo. Kujua si kazi. Kazi ni kungoja.

Saa ile ya kungoja, Setefilla alikuwa akikaa kwenye kigoda mbele ya jiko na kufunga mdomo. Eusebio akitaja sahani, hajibiwi. Wateja wakiuliza, yeye huwaambia, "Ngojeni kidogo, mama anapumzika."

Basi Alhamisi jioni Valme aliteremka kutoka treni ya kaskazini na begi lake. Alhamisi hiyohiyo mtu wa Lebrija alileta konokono kwenye mfuko wa wavu, wadogo, weupe, wanene, akampa Eusebio pole yake, akamwambia kwamba mwaka huu wamekuja wazuri kwa sababu ya mvua. Eusebio akaugawa mfuko nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza aliiosha uani Ijumaa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Maji na chumvi, sugua, mwaga. Maji na chumvi, sugua, mwaga. Ute ulikuwa ukitoka kama sabuni. Maji ya saba yalipotakata, mikono yake ilikuwa imevimba na vidole havikunjiki.

Akawasha moto, akauteremsha mpaka ukawa shanga za buluu tu. Akakaa kwenye kigoda. Kilikuwa kifupi mno kwake, magoti yakamfika kifuani. Akangoja.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha mmoja akachomoza, akapapasa huku na huku kama kipofu anayetafuta mlango. Kisha watatu. Kisha wengi kidogo. Eusebio aliwatazama mpaka macho yakaanza kumcheza. Uchovu ule haukuwa wa kazi. Kazi alikuwa ameizoea. Ulikuwa uchovu wa mtu anayebeba kitu kisicho na mahali pa kukitua.

Saa nne na nusu pete ikagonga bati la mlango. Alikuwa Leandro, kinyozi mstaafu, ambaye kila asubuhi hugonga kwa pete na kila asubuhi huambiwa asigonge kwa pete. Eusebio akaenda kumfungulia nusu. Nyuma ya Leandro walikuwa wamesimama watu sita, na wa saba anavuka barabara.

"Wapo?" akauliza Leandro.

"Watakuwepo."

"Lini? Mzee mwenzangu, mimi nimeoga kwa ajili hii."

Aliporudi jikoni, nusu walikuwa wametoka. Labda nusu. Wengine walikuwa wakisitasita mlangoni mwao, na wengine hata hawajabisha. Eusebio alisimama juu ya sufuria. Nje alisikia viti vikiburutwa na Valme akiwasalimia watu, akipokea pole, akisema asante, asante. Akajiambia kwamba hawa wengine watafuata wenzao. Akaukoleza moto.

Povu likapanda, jeupe, likafunika kila kitu. Alilitoa kwa kijiko, akabadili maji, akatia kitambaa cha viungo, chumvi, pilipili kali, nanaa. Baada ya muda harufu ilitoka kidirishani, ikapita kaunta, ikaenda mpaka kwenye ngazi za kanisa. Ilikuwa harufu ileile.

Saa saba mchana baa ilijaa, na waliokosa nafasi walisimama njiani na sahani zao juu ya boneti za magari. Eusebio alichota, alipitisha kidirishani, alizunguka mbio kuja kaunta, alipokea mwenyewe alichopitisha mwenyewe. Mchuzi aliwapa kwenye glasi, kama ilivyo desturi. Watu walikuwa wakinyonya kwa kelele, maana konokono asiyenyonywa kwa kelele huonekana ametukanwa. Walipanguza midomo. Walisema ni walewale. Walisema ni kama mkono wa marehemu. Leandro alisema akifumba macho hajui kama ni mwaka huu au mwaka jana.

Hata Amparo alisifu. Huyu Amparo anauza samaki sokoni, ana ulimi kama kisu chake. Miaka kumi iliyopita alimrudishia Setefilla sahani nzima kwa punje moja ya mchanga, na alisimama katikati ya barabara kulitangaza jambo hilo. Setefilla alitoka na mwiko, wakatukanana robo saa, na kesho yake Amparo alirudi kula. Leo alipita na sahani yake, akaiweka, akasema kwa sauti ya kanisani, "Wametoka vizuri, Eusebio. Mungu amweke pema."

Valme alikuwa amekaa mwisho wa kaunta karibu na friji. Yeye konokono hali. Utotoni aliwahi kumpa mmoja jina. Lakini alikuwa akitazama watu, na uso wake ulikuwa ukilegea kidogo kidogo. Baba alipopita na glasi alimshika mkono.

"Baba, nilikosea. Unaweza."

Eusebio akaitikia kwa kichwa.

"Nampigia Íñigo sasa hivi. Nitamwambia chumba kile awape watoto."

Akatoka nje na simu. Eusebio akageukia mashine ya kahawa. Amebaki. Hiyo kaunta ni yake, na mgongo wake utabaki pale ulipo. Hakufurahi hasa. Ilikuwa zaidi kama mtu aliyeambiwa anaweza kukaa chini.

Ndipo akawasikia wale wageni.

Walikuwa mke na mume, watu wazima, wekundu kwa jua, waliokaa meza ya dirishani. Mke alikuwa na karatasi yenye orodha ya vyakula vya kuonjwa na mtu anayekuja Sevilla, na ameshapitisha mstari juu ya spinachi na samaki wa chumvi. Sasa alikuwa akihangaika na kijiti cha meno. Alitia kijiti, akazungusha, akavuta, hakutoka mtu. Alichukua mwingine. Mwishowe alimwegemea Leandro aliyekuwa meza ya pili, akamwuliza kwa maneno ya kuokoteza amekosea wapi, mbona hatoki.

Kisha Leandro akasema, kwa upole wote wa kinyozi:

"Mama, hapa hawaliwi. Hunyonywa tu."

"Hunyonywa?"

"Unanyonya, unaweka chini," Amparo akadakia. "Unanyonya, unaweka chini. Ndiyo desturi. Nyama yake haifai."

Watu wa meza zote wakaitikia kwa vichwa, wazito kama wazee wa baraza. Mume akatoa kalamu, akaandika.

Eusebio alikuwa ameupa mlango mgongo. Hakugeuka upesi. Alisikiliza, na sasa kwa kuwa alisikiliza, alisikia alichopaswa kukisikia tangu saa saba. Gamba tupu likidondoshwa sahanini hulia kama kifungo cha shati. Haya yalikuwa yakianguka kwa kishindo kidogo, ti, ti, ti, kama mawe.

Alikwenda kwa Leandro, akamwondolea sahani. Ilikuwa nzito. Alichukua gamba moja, akalichokoa kwa pini. Konokono alikuwa ndani, amejikunja mpaka mwisho, mgumu. Akajaribu la pili. La tatu lilikuwa tupu. La nne, la tano na la sita, wamo. Akatazama sahani ya Amparo. Akatazama ndoo chini ya kaunta, imejaa magamba, na karibu yote wenyewe wamo ndani.

Wote walikuwa wakijua. Walijua tangu sahani ya kwanza. Walikuwa wamesimama juani wakinyonya magamba yaliyofungwa, wakinywa mchuzi, wakichovya mkate, wakisifu, na walikuwa wamerudi kuchukua sahani ya pili.

Kupitia kioo alimwona Valme bado ana simu sikioni. Anacheka kidogo. Eusebio angeweza kunyamaza. Uongo ulikuwa umeshakatwa na kushonwa, ulimkaa sawasawa, na mtaa mzima ulikuwa umeshika upindo. Kesho angejitahidi zaidi, au kesho kutwa.

Lakini alikumbuka Oktoba. Watu hawahawa walisimama kuzunguka jeneza wakamwambia, amekaa kama amelala, Eusebio, tazama, amekaa kama amelala. Hakuwa amekaa kama amelala. Miaka arobaini na mmoja yeye ndiye aliyemwona akilala. Na mtu akishaanza kusemeshwa hivyo, basi na yeye wameshamlaza jenezani.

Akaichukua ile sahani, akaiweka mbele ya Amparo.

"Amparo. Nitukane."

"Una nini wewe?"

"Wangekuwa wa Sete hawa, ungesema nini?"

Amparo alimtazama Leandro. Leandro alikuwa akisoma dari. "Wasingekuwa wa Sete," Amparo akasema polepole.

"Basi nitukane. Nakuomba."

Mwanamke yule alifuta vidole vyake kimoja kimoja kwa karatasi, kama anayejiandaa kwa kazi. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini ulimi haukulowa.

"Haya. Meno yangu haya ni ya kununua, Eusebio, na nusura niyaache ndani ya sahani yako. Konokono gani hawa? Hizi ni kokoto za reli. Umewachemsha wakiwa vitandani mwao. Hata mwizi hubisha hodi, mwendawazimu wewe. Sete angekukimbiza kwa mwiko mpaka mtoni, na mimi ningemshikia viatu."

Hapo baa ikapasuka. Kila mtu akawa na lake. Mmoja alisema amenyonya mpaka masikio yamemziba. Leandro alikiri kwamba amemeza gamba moja zima kwa heshima, na kwamba anasubiri kuona matokeo. Walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Yule mgeni wa kiume aligeuza kalamu, akakata alichokuwa ameandika.

Eusebio hakucheka, lakini alipumua. Alipoinua macho, Valme alikuwa mlangoni, simu mkononi.

"Baba?"

"Sijawahi kuwapika," alisema. "Mama yako hakuniruhusu hata kusogelea. Nilikudanganya."

Valme aliirudisha simu sikioni, akasema nitakupigia, akaikata.

Nusu ya mfuko ilikuwa bado ipo uani, kivulini. Eusebio aliiosha, maji saba tena, na safari hii hakuna aliyemharakisha. Upande wa kaunta walikuwa wameanza kugombana jinsi ya kuhadaa. Mama yake Leandro alikuwa akiiweka sufuria juani bila moto wowote. Amparo alisema jua ni la wavivu, dawa ni makaa yaliyokwisha kufa. Mwingine alisema usiku wa mwezi hawatoki, akaambiwa akae kimya kwa kuwa ametoka Huelva.

Eusebio aliweka sufuria, akauteremsha moto, akakaa kwenye kigoda. Valme aliingia, akageuza kreti la bia, akakaa kando yake.

Nusu saa. Dakika arobaini. Wachache wakachomoza, akawaacha. Alitia kidole majini kila mara kuona kama bado yanavumilika. Ukisogea ghafla wanarudi ndani, ukikohoa wanarudi. Ukiuangalia moto unawasahau wao, na ukiwaangalia wao unausahau moto. Mgongo ukaanza kumuuma chini kabisa, kisha mabega, kisha shingo. Jasho likamwingia machoni, naye hakuthubutu kulifuta upesi. Kutoka kaunta mtu aliita bia mbili. Hakujibu. Wakaita tena. Ndipo sauti ya Leandro ikasikika, ikiwaeleza walioingia baadaye:

"Ngojeni kidogo. Mzee anapumzika."

Eusebio alikaa na neno hilo.

"Hakuwa akipumzika," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini ili asiwashtue.

"Nani?"

"Mama yako. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia watu anapumzika."

Valme aliuweka mkono wake juu ya goti la baba yake. Wakaendelea kungoja.

Saa kumi na robo walitoka wote. Hakubaki gamba lililofungwa. Walikuwa wamejaa juu ya sufuria, shingo ndefu, pembe zimenyooshwa, wakitafuta mvua. Valme, ambaye hawali, aliwainamia.

"Wote, baba. Sasa kweli unaweza."

"Naweza," alisema Eusebio. "Na kaunta yuko nani?"

Valme akachungulia kidirishani. Kati ya watu thelathini walibaki watano. Wageni walikuwa wamekwisha kwenda. Leandro alikuwa ameingia nyuma ya kaunta, anashindana na bomba, na alichokuwa akimimina kilikuwa povu tupu mpaka viwiko.

"Tutatafuta mtu wa kukusaidia."

Eusebio alifikiri. Alimfikiria huyo mtu, yeyote awaye, amesimama jikoni na sahani mkononi, anaipitisha juu ya bega lake. Au yeye mwenyewe hapa kwenye kigoda, na pale mbele mgongo wa mtu asiyemjua. Alijaribu kuuona. Hakuuona.

"Hii ilikuwa baa ya watu wawili," alisema. "Sufuria inataka mtu, na kaunta inataka mtu. Moto nimeuweza. Shida si hiyo."

"Sikuja kukulazimisha, baba."

"Najua. Nitapika Mei na Juni, watu wapate kula. Ijumaa na Jumamosi tu, na nikiwa jikoni waliokaa kaunta wajue hakuna bia. Juni ikiisha njoo unichukue."

Valme ndiye aliyelitaka hilo tangu Machi, na sasa alikuwa akilia. Alisema ameshamwambia Íñigo, na watoto pengine wamekwisha kugawana kuta.

"Mwambie tena."

Alimwambia asogee. Kisha akaukoleza moto, kwa mkupuo, bila kuyaondoa macho yake. Maji yakatetemeka. Walikufa nje ya nyumba zao, shingo zimenyooka.

Kutoka kaunta Leandro akapaza sauti, "Eusebio, umekufa huko?"

"Bado," alijibu, lakini si kwa sauti ya kufika mbali. Alitaka kuinuka akakuta magoti hayataki. Akabaki amekaa. Povu lilikuwa limeanza kupanda na ilibidi mtu aliondoe, akanyoosha mkono akachukua kijiko.